Siku Tulipoiposa Programu

Kazini kwetu kuna kikao kila baada ya wiki mbili ambacho kazi yake ni kutazama nyuma. Wenyewe hukiita retro. Mnakaa, mnaulizana nini kilikwenda vizuri, nini kiliharibika, na safari ijayo mfanye nini, halafu kila mtu anarudi kwenye kompyuta yake. Jambo lenyewe dogo. Lakini kiongozi wetu, kijana wa Dar es Salaam aliyejifunza mambo haya kwa watu wa mbali, anaamini kwamba watu hawasemi ukweli mpaka wachezeshwe kwanza. Kwa hiyo kila retro lazima iwe na mchezo wake, na kila mmoja ana zamu ya kuuendesha.

Tuko watano. Mbali na kiongozi kuna waandika programu wawili: mmoja mrefu sana, mtu wa bara, wa Ubena, na mwingine mtoto wa Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo, ukoo wa manahodha. Kuna dada mchoraji, ambaye hupanga rangi na vitufe. Na kuna mimi. Natoka Mlingotini, nimesoma mpaka darasa la saba, na kazi yangu ni kuijaribu programu kabla haijafika kwa watu, kisha kuipeleka kwa akina mama wanaolima mwani, na mama yangu ni mmoja wao. Mkulima anapiga picha ya mwani wake uliokwisha kukauka, anaituma kwa simu, mnunuzi anauona akiwa kwake, wanapatana. Ofisi yetu ni vyumba viwili vya mbele katika nyumba ya bibi mmoja mjane. Yeye anakaa nyuma, anapika, anakuna nazi, na anatusikia yote.

Mimi nina aibu. Si aibu ya kuinamisha macho tu, ile ya kawaida. Watu wakizidi wawili sauti yangu inakataa kutoka. Katika retro zote nilikuwa naandika neno langu kwenye kikaratasi, nampa dada mchoraji, ananisomea. Siku moja kiongozi akanivuta pembeni, akaniambia kwa upole kabisa:

"Dada, majaribio yako yanaisha mwezi huu. Retro ijayo ni zamu yako. Ukiiendesha, nakuandikia mkataba. Ukishindwa, sitakuwa na la kuwaambia wenye mradi. Mtu wa kutuletea maneno ya wakulima, naye hasemi?"

Sikuweza kumlaumu. Mwani sina ugomvi nao, nimekua nao, nimefunga kamba zake tangu mdogo. Lakini nilikwisha kuonja kiti cha ofisi. Nilitaka kubaki.

Hizo retro zenyewe, nazo, zilinitisha. Ya kwanza niliyoikuta iliendeshwa na kiongozi. Alichora chombo ukutani, tanga limejaa, nanga inaning'inia. Akatuambia tubandike mambo yanayotusukuma kwenye upepo, na mambo yanayotuharibia kwenye nanga. Mtoto wa manahodha akainua mkono.

"Nanga umeiweka kwenye mabaya?"

"Ndiyo. Inatuzuia."

"Kaka, umewahi kulala baharini?"

"Sijawahi."

"Nanga ndiyo inayokuletea usingizi. Ubaya ni kuwa na upepo na huna nanga."

"Na mimi huo upepo wenyewe unaniogopesha," akasema yule wa Ubena, ambaye kabla ya kuajiriwa alikuwa hajapanda hata ngalawa. "Niuweke wapi?"

Tulibishana juu ya nanga mpaka adhana ya adhuhuri. Kazi ya wiki mbili haikutajwa.

Retro ya pili aliiendesha huyo wa Ubena, akaifanya mpira. Alikuja na filimbi na kadi. Dakika za mwanzo tu akampa kiongozi kadi nyekundu kwa kumkatiza mwenzake maneno. Kiongozi akatoka kweli, akakaa kibarazani, na alipoitwa arudi akakataa, akasema sheria ni sheria. Tukamaliza bila yeye. Alikuwa akitusikiliza dirishani kama mtoto aliyefukuzwa madrasa.

Basi nilikuwa nawaza mchezo gani unaoweza kuendeshwa na mtu asiyesema. Nilipata jibu nyumbani. Dada yangu mkubwa aliposwa, nami nilikaa naye chumba cha ndani wakati wazee wanazungumza ukumbini. Walimzungumza yeye, wakamzungumza mwanamume, tabia zao, kazi zao, afya zao, na hao wenyewe wawili hawakutamka neno. Dada yangu alikuwa chini ya kanga. Mwanamume hata hakuwapo. Baadaye tuliambiwa alikuwa kwao anaosha pikipiki. Nikasema moyoni, hiki ndicho kikao changu. Ni kikao pekee ninachokijua ambacho mwenye jambo lake hatakiwi kufungua mdomo.

Nikamweleza dada mchoraji mpango wangu, yeye akawaeleza wenzetu. Programu ndiyo mwali. Wanaume wanakuja kuposa. Hakuna anayesema neno lake mwenyewe. Anamnong'oneza mshenga, mshenga ndiye anayelitoa. Kwanza zinasemwa sifa za mwali, halafu kasoro, halafu ahadi, na hizo ahadi ndizo tutakazofanyia kazi wiki mbili zijazo. Mimi mwendeshaji nitakaa nimefunikwa kanga, simu yenye programu mapajani, kwa niaba ya mwali.

"Yaani wewe ndiye kiongozi wa kikao, na umefunikwa?" akauliza kiongozi.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Hii kali," akasema. "Hii ni kali sana."

Kosa langu lilikuwa moja. Sikusema mshenga atakuwa nani. Nilidhani watapokezana wenyewe kwa wenyewe. Lakini mtoto wa Mji Mkongwe huwezi kumwambia posa, akaja mikono mitupu. Asubuhi ya kikao aliingia na sinia la halwa limefunikwa kitambaa cha kazi ya mkono, na birika la kahawa, na tambuu. Nyuma yake alikuja ami yake, ndugu wa baba yake, mzee mfupi mwenye joho na bakora, ambaye amepeleka posa nusu ya nyumba za mtaa ule.

"Ami, nilikwambia ni mchezo wa kazini," nilimsikia akinong'ona mlangoni.

"Na mimi nimekuja kazini," mzee akajibu. "Hodi! Hodi wenyewe!"

Bibi mwenye nyumba alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Akachungulia, akaona joho, akaona sinia. Akaacha nazi hapo hapo, akajitupia buibui, akaja ndani mbio.

"Nani anaposwa katika nyumba yangu na mimi sijaambiwa?"

"Shikamoo bibi," akasema dada mchoraji. "Anaposwa programu."

"Marahaba. Programu gani?"

"Hiyo ya kwenye simu, bibi. Ya mwani. Ni retro tu."

Bibi akafikiri kidogo. "Hiyo inayowafanya mpige kelele kutwa?"

"Hiyo hiyo."

"Na wamekuja na sinia?"

"Wamekuja nalo."

"Na mshenga?"

"Ndiye huyo anayebisha hodi."

"Basi hamwezi kuwapokea hivi. Toeni hizo nyaya sakafuni. Leteni jamvi. Wewe na wewe, ndani na mimi. Wanaume wakae ukumbini. Mwanamume wa nyumba hii Mungu amemchukua, kwa hiyo nitajibu mwenyewe, nyuma ya pazia."

Pazia hatukuwa nalo. Akaenda kulichukua la chumbani kwake, lenye maua mekundu, akalining'iniza kati ya vyumba vyetu viwili vya ofisi. Akanifunika kanga yake iliyotoka sandukuni inanukia udi. Simu akaiweka juu ya kisahani, kisahani juu ya mapaja yangu, na juu ya simu akatandaza leso, maana alisema mwali haonyeshwi uso kabla ya jibu. Hapo ndipo nilipojua kwamba retro si yangu tena.

Wanaume wakaingia, wakakaa. Mzee alianza kwa kuomba jambo moja lieleweke.

"Ndoa haichezewi," akasema. "Anayeposwa hapa ni huyu wa kwenye simu. Binti aliyefunikwa amekaa kwa niaba, hahusiki na hajaposwa. Mmesikia?"

"Tumesikia."

"Wa ndani mmesikia?"

"Tumesikia," akajibu bibi.

"Mashahidi mmesikia?"

"Tumesikia, mzee," akasema kiongozi. "Tuanze basi, tuna saa moja tu."

"Saa moja ya nini?"

"Ya retro."

"Kijana, baba yako alimposa mama yako kwa saa moja?"

Nilisikia vikombe vya kahawa vikigongana.

"Haya," mzee akaendelea. "Anayeoa ni nani?"

"Sisi," akasema kiongozi. "Timu."

"Timu nzima?"

"Timu nzima. Kila kitu tunafanya pamoja."

"Mwali mmoja?"

"Ndiyo, mzee."

"Na yule dada aliye ndani naye yumo," akaongeza yule wa Ubena, kwa nia njema kabisa.

Kikombe kiliwekwa chini polepole. Nyuma ya pazia, bibi mwenye nyumba aliegemea mbele. "Waulize," akasema, "huko kwao ndivyo wanavyofanya?"

Ikabidi achaguliwe mmoja. Wale wawili waandika programu wakamtaja kiongozi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na haraka kuliko wote. Yeye akakubali, akafurahi hata, naona alidhani ni cheo. Mzee akamwambia: "Hongera. Sasa toka nje."

"Nitoke?"

"Mwenye kuoa hakai katika posa yake. Hujapata kuona? Sisi tutazungumza, wewe utaletewa jibu."

"Lakini mimi ndiye kiongozi wa timu."

"Ndiyo maana. Toka."

Akatoka. Mara ya pili katika mwezi mmoja, kiongozi wetu akakaa kibarazani chini ya dirisha la ofisi yake mwenyewe. Mimi chini ya kanga nilianza kutoka jasho. Nilikuwa nimemfukuza nje mtu mwenye mkataba wangu, bila kutamka hata herufi.

Mzee akasafisha koo. "Wa ndani, tumepita njia, tumeona katika nyumba hii pana ua."

"Maua yako mengi," akajibu bibi. "Mmeona lipi?"

"La kwenye kisahani."

"Mmelipendea nini?"

Ukumbini pakawa na minong'ono. Mzee alikuwa akinong'onezwa na wawili kwa mpigo, sikio hili na lile. "Wanasema si mlaji," akatangaza. "Data kidogo tu zinamtosha."

"Si mlaji kwa sababu ni mgonjwa?"

Minong'ono. "La. Amelelewa kwa kiasi."

"Vizuri. Sema na lingine."

"Wanasema ana adabu. Akimaliza kazi anasema ahsante."

Hilo lilikuwa wazo la dada mchoraji, lile neno la ahsante linalotokea mwishoni. Nilimsikia pembeni yangu akivuta pumzi. Hakuna aliyewahi kulisifu.

"Sifa tumezisikia," akasema bibi. "Sasa kasoro. Na mseme leo. Kasoro inayosemwa baada ya harusi inaitwa ugomvi."

Mtoto wa manahodha alinong'ona kitu kirefu, mzee akamkatiza: "Sema kwa Kiswahili." Akaanza upya. Mzee akasikiliza, akageukia pazia.

"Anasema mwali ana tatizo. Akipewa picha nzito, huganda."

"Huganda vipi?"

"Haendi mbele wala harudi nyuma. Mpaka umzime, umwashe tena."

"Mara ngapi?"

"Mara chache tu!" Hiyo ilikuwa sauti ya dirishani.

"Mwenye kuoa hana sauti hapa!" mzee akafoka.

"Fungeni dirisha," akasema bibi.

Yule wa Ubena akainuka, akamfungia mkubwa wake wa kazi dirisha usoni, kwa adabu, kwa mikono miwili, nilivyoambiwa baadaye. Nilisikia komeo likiingia.

"Haya, mara ngapi?" bibi akauliza tena.

"Anasema mara nyingi. Na hao wanaotaka kumtoa nje ya nyumba, wamepanga uzinduzi Jumamosi hii, kule Mlingotini, mbele ya mgeni rasmi."

"Mtoto anaganda, na mnamtoa mbele ya mgeni rasmi."

Dada mchoraji akaona njia imefunguka, akaenda kwenye sikio la bibi, na bibi akatoa: "Na huku ndani wanasema kitufe cha kutuma picha ni cheupe. Ukiwa juani hukioni. Wanasema mwenye kukiweka aliambiwa zamani."

"Aliniambia lini?" Yule wa Ubena aliruka, jamvi likasogea.

"Usijibu," mzee akamwambia. "Niambie mimi."

Minong'ono mirefu. Kisha mzee, bila kubadili sauti hata kidogo: "Anasema ni kweli aliambiwa. Anasema alinuna."

Tangu niingie kazini tumebandika vikaratasi vya kila rangi kwenye ule ukuta. Tumechora meli, tumepigiwa filimbi. Hakuna aliyewahi kusema alinuna. Dada mchoraji alifunika mdomo kwa mkono, na sikujua kama anacheka au analia.

"Na huyu mwana wa ndugu yangu," mzee akaongeza, "anasema wiki nzima hapati usingizi kwa ajili ya hiyo Jumamosi."

"Basi wote mnajua hajawa tayari," akasema bibi.

"Wanajua."

"Na ahadi yao ni nini?"

Hapo wakanong'ona wote, na ahadi ikatoka dhaifu: kwamba watamtibu baada ya Jumamosi. Kwa nini baada? Kwa sababu mwenye kuoa amekwisha kualika. Turubai limekodiwa, pilau imeagizwa, mgeni rasmi ameitikia. Nani atakwenda kumwambia? Kila mmoja alimtaja mwingine. Hata dada mchoraji, nilipomtazama kupitia uzi wa kanga, alitazama kucha zake.

Bibi akashusha pumzi. "Mimi langu nimelisema. Mwenye neno la mwisho ni mwali mwenyewe."

"Aulizwe," akasema mzee. "Ataulizwa mara tatu. Akinyamaza, ameridhika, nasi tunamtoa Jumamosi. Ndiyo ada."

Chini ya kanga palikuwa na joto, na hapo likazidi. Nilikuwa nimetafuta kikao ambacho mtu anaweza kunyamaza, na nimekipata, na katika kikao hicho kunyamaza ni kusema ndiyo. Nilikuwa nimelijua jambo hilo tangu utoto. Dada yangu alikubali hivyo hivyo, mbele ya macho yangu. Sikuwa nimefikiri kwamba litaniangukia mimi.

Na njia rahisi ilikuwa pale. Nikinyamaza, mchezo unakwisha vizuri, kiongozi anaitwa ndani, anafurahi, ananiandikia mkataba, kwa sababu retro nimeiendesha. Nafanya tu lile ninaloliweza kuliko yote duniani. Lakini Jumamosi, wa kusimama mchangani na simu iliyoganda, mbele ya mama yangu na shangazi zangu wamevaa kanga zao za sherehe, ni mimi. Mama alikwisha kuutangazia ufukwe mzima kwamba programu ameitengeneza mwanawe. Sikuwa nimeitengeneza. Nilikuwa nimeijaribu tu, na kila nikiijaribu inaganda.

"Mwali," dada mchoraji akaniinamia, "umeridhika kutoka Jumamosi?"

Friji ya ofisi ilikuwa ikinguruma.

"Mwacheni," akasema bibi. "Aibu nayo ina muda wake."

"Mara ya pili," akasema mzee.

"Mwali, umeridhika?"

Nilifungua mdomo, hewa ikatoka peke yake.

"Mara ya tatu, na ya mwisho."

"Umeridhika?"

Nilimsikia mzee akivuta pumzi ya kumshukuru Mungu na kufunga shauri.

"Bado," nikasema.

Sauti ilitoka nyembamba kama ya paka aliyefungiwa kabatini.

"Nani huyo?" akauliza yule wa Ubena.

"Mwali," akasema bibi.

"Mwali amesema?"

"Amesema bado. Huna masikio?"

Mzee wa watu, katika posa zote alizopeleka, alikuwa hajasikia jibu likitoka chini ya kanga. Akaomba lirudiwe, kwa ajili ya mashahidi. Na mimi, kwa kuwa mlango ulikuwa umekwisha kufunguka, nikaona maneno mengine yanatoka. Sikuwa nayasema mimi. Alikuwa akiyasema yule wa kwenye kisahani.

"Bado," nikasema. "Nikiganda mbele ya watu, watanilaumu mimi, hawatawalaumu nyinyi. Kitufe changu juani hakionekani. Mnaniharakisha. Nipeni wiki mbili nipone, halafu mje."

"Wiki mbili," mzee akarudia.

"Na msinuniane tena," nikaongeza. Sijui ilitoka wapi hiyo. Nyuma ya pazia na mbele ya pazia, watu wote wakaangua kicheko, bibi mpaka akakohoa.

Mzee akagonga bakora sakafuni. "Mwali amekataa kwa leo. Shauri limefungwa. Fungueni dirisha, mpeni mwenzenu jibu."

Dirisha likafunguliwa, nami nikachungulia pembeni ya pazia. Uso wa kiongozi ulikuwa pale pale ulipofungiwa.

"Nimesikia," akasema. "Sasa, mzee, ulikuwa mchezo mzuri sana. Turudi tuamue kama timu. Maana turubai—"

"Umeletewa jibu," mzee akamwambia. "Posa ikikataliwa haibishiwi dirishani."

"Pilau imeshaagizwa!"

"Pilau haijui nani ameolewa," akasema bibi kutoka ndani. "Ipikwe tu, italiwa."

Kiongozi aliondoka akaenda kusimama njiani kumpigia mgeni rasmi, simu sikioni. Tulikuwa tukila halwa na kumsikiliza. Alianza na maneno makubwa ya kitaalamu, ambayo yule wa upande wa pili inaelekea hakuyapenda, maana aliyarudia mara mbili tatu. Mwishowe alikata tamaa, nikamsikia akisema: "Mheshimiwa, ukweli ni kwamba wazee wamekataa." Kisha: "Ndiyo. Ndiyo, mheshimiwa. Nashukuru sana." Akarudi ndani mwenye mshangao. Mheshimiwa alikuwa amemwambia kwamba kama wazee wamekataa hakuna shida, angesema hivyo tangu mwanzo, yeye si mtu wa kushindana na wazee.

Jumamosi pilau ililiwa uani kwa bibi. Ami alikuja, na mama yangu alikuja kutoka Mlingotini, ameshika kiuno.

"Nasikia umekataa mume," akaniambia.

"Si mimi, mama. Programu."

"Ndiyo hivyo hivyo. Bora umekataa mapema."

Lakini kiongozi hakunisemesha zaidi ya kazi. Siku ile hakunisemesha, na wiki iliyofuata hakunisemesha. Hakuwa amekasirika waziwazi. Alinisalimu, akaniomba nimjaribie hiki na kile, akatazama pembeni. Wenzangu walikuwa kazini kwelikweli. Kitufe kiligeuzwa kikawa cha kijani kibichi na yule wa Ubena mwenyewe, akamwita dada mchoraji wakatoka naye uani kukitazama juani, wakarudi wanazozana juu ya ukubwa wake kwa furaha. Picha ilikuwa ikipita moja katika tatu, halafu mbili katika tatu. Mimi nilikuwa nikijaribu na kungoja. Mwezi ulikuwa unaisha, na mkataba haukutajwa. Nilianza kuwaza kamba zangu za mwani kama ziko pale nilipoziacha.

Siku ya mwisho wa mwezi, mchana, nimekaa na simu, yule wa Ubena akaja mbele yangu amevaa kofia ya mtoto wa manahodha, ambayo haikumtosha, na ameshika kisahani cha halwa kimefunikwa kikaratasi.

"Hodi," akasema.

"Kaka, uko ndani tayari."

"Hodi."

"Karibu."

"Nimetumwa."

"Na nani?"

"Aliyenituma hana uso wa kuja mwenyewe."

Nikatazama chumba cha pili. Pazia la bibi bado lilikuwa linaning'inia, hakuna aliyekumbuka kulirudisha. Chini yake niliona viatu vya kiongozi.

"Si yule pale?"

"Mimi simwoni mtu. Mimi nimetumwa tu." Akasafisha koo kama alivyomwona mzee akifanya. "Tumepita njia, tukaona katika nyumba hii pana mtu wa kujaribu programu. Aliyenituma anasema karatasi za mkataba ameziandika, ziko tayari. Anasema pia alitegemea useme mbele ya watu, lakini hakutegemea useme vile, na ilimchukua siku kadhaa kuimeza. Anauliza kama utaridhika kukaa nasi."

Nyuma ya pazia mtu akakohoa.

"Na ana ombi," akaongeza haraka. "Zamu yako ikirudi, asitolewe nje."

Uani bibi alikuwa anakuna nazi, na mbuzi nayo ikawa kimya.

"Umeridhika?"

Niliinamia simu.

"Mara ya pili," akasema yule wa Ubena.

Viatu chini ya pazia vilisogea kidogo.

"Mara ya tatu, na ya mwisho, dada."

Nilikuwa na maneno. Safari hii yalikuwa yamejaa mdomoni, yangetoka bila shida yoyote. Nikayaacha humo humo, nikanyamaza.

"Alhamdulillahi," akasema bibi kutoka uani, akaendelea kukuna nazi yake.